Mauaji ya Watoto Wenye Ualbino katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Mauaji ya watoto wenye ualbino yalishika kasi katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania kuanzia miaka ya 2006 na 2007, wakati bei ya dhahabu ikipanda duniani na vijana wakimiminika kwenye machimbo ya Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko Geita. Kukutana huku kwa mambo mawili kuna uzito zaidi kuliko maelezo yaliyozoeleka kwamba mauaji hayo ni mila ya Wasukuma. Zamani mtoto mwenye ualbino, aliyeitwa zeruzeru, alitengwa na kufichwa, na huo ulikuwa udhalimu mkubwa. Kumkata viungo ili viuzwe ni jambo lingine: ni biashara, na biashara huwa na mnunuzi.

Mazingira ya machimbo yanaeleza mengi. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huwalisha wachimbaji, hununua magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke na mafuta ya pampu, miezi ikapita bila mwamba wenye dhahabu kuonekana. Hatua chache kutoka hapo, jirani anapata dhahabu katika wiki ya kwanza. Elimu ya miamba mara nyingi haimfikii mchimbaji mdogo. Anayemfikia ni mganga mwenye ndagu, dawa ya utajiri ambayo wapo wanaodai huhitaji viungo vya mtu mwenye ualbino. Utafiti wa Deborah Bryceson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliyahusisha mauaji hayo na soko hilo la bahati miongoni mwa wachimbaji wadogo. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao wametajwa katika soko hilohilo. Hata hivyo, si haki kuwatupia lawama wachimbaji wote, kwani walio wengi hula jasho lao.

Desemba 2008 mvulana wa miaka 14 aliuawa Bukombe, wilaya iliyokuwa mkoani Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa hadi kufa. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Haikukomesha mauaji. Desemba 2014 msichana wa miaka minne alichukuliwa nyumbani kwao Kwimba, mkoani Mwanza. Februari 2015 mtoto ambaye hata miaka miwili hakuwa ametimiza alinyakuliwa Chato, Geita. Mama yake alijeruhiwa akimng'ang'ania, na mwili ukapatikana bila mikono wala miguu. Mwaka 2024, huko Muleba mkoani Kagera, miongoni mwa walioshtakiwa kwa kumuua mtoto wa kike wa umri mdogo vilevile alikuwamo baba yake mzazi.

Hapo ndipo mauaji haya yanapotofautiana na yale ya vitani. Watoto waliouawa Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, na maelfu waliouawa Gaza baada ya hapo, waliuawa na upande uliohesabiwa kuwa adui. Mtoto wa Geita hana adui anayejulikana. Mara nyingi anayemwendea anaijua njia ya nyumbani kwao na chumba anacholala.

Serikali haikukaa kimya. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi; mwaka 2015 waganga wakapigwa marufuku tena na zaidi ya 200 wakakamatwa, wakiwemo walioshukiwa kupiga ramli chonganishi. Watoto wengi walipelekwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakanusurika, lakini wakakua mbali na wazazi wao. Hatua hizo zilimgusa mganga, mshika panga na mtoto mwenyewe. Mwenye fedha, ambaye bila yeye kiungo hakina bei, ni nadra kufikishwa kizimbani. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya Waingereza, haikuandikwa kwa ajili ya soko kama hili.

Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino kwa kushindwa kuwalinda ipasavyo. Utekelezaji wa uamuzi huo uanzie pale ambapo upelelezi umekuwa ukikomea: kwa aliyetoa fedha, awe mwenye duara, mwenye mtumbwi au mtu mwenye cheo. Mtoto wa Kwimba hajapatikana hadi leo.