Mamlaka ya Vipimo: Uongozi wa Bolingi Nchini Marekani

Chama kinachotoza ada kwa kila mwanachama huhesabu vichwa, na viongozi wake hupimwa kwa hesabu hiyohiyo. Ndivyo unavyojadiliwa uongozi wa USBC, shirikisho linalosimamia bolingi ya pini kumi Marekani: wachezaji wa ligi wamepungua, basi viongozi wameshindwa. Naona kipimo hiki kinapotosha.

Mwanasayansi wa siasa Robert Putnam alishaonyesha kwamba kati ya 1980 na 1993 wachezaji wa bolingi Marekani waliongezeka kwa asilimia 10, ilhali wale wa ligi walipungua kwa asilimia 40. Mchezo haukufa, ila ulitoka mikononi mwa chama. Familia inayokodi njia kwa saa moja Jumamosi haihitaji kadi ya uanachama, na hakuna kampeni itakayoishawishi kuinunua.

Wanaoililia enzi ya mamilioni ya wanachama husahau pia uanachama wenyewe ulikuwaje. American Bowling Congress (ABC), iliyoundwa New York mwaka 1895, ilikuwa ya wanaume weupe peke yao hadi 1950. Wanawake walianzisha chama chao St. Louis mwaka 1916, na Wamarekani Weusi chao Detroit mwaka 1939. Vyama vya wanaume, wanawake na vijana viliungana kuwa USBC mwaka 2005 tu, wakati ligi zilikuwa zimeshanyauka. Kilichoipa ABC nguvu tangu mwanzo kilikuwa kitu kingine: kila ukumbi ulikuwa na kanuni zake, na ABC ikaweka moja. Hadi leo futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60 popote, na tufe halizidi ratili 16. Bila msimamizi huyo, alama 300 za Chicago na 300 za Dallas hazilinganishwi.

Pini za kamba ndizo mtihani wa sasa. Kila pini hufungwa kamba kichwani; mashine huivuta juu, kisha huishusha mahali pake. Wamiliki wa kumbi wanazipenda kwa sababu mitambo yake ni rahisi na haihitaji fundi kila mara. Lakini kamba huizuia pini kuruka na kuangusha jirani yake kama ilivyozoeleka, na straiki, yaani kuangusha pini zote kwa tufe la kwanza, hupungua. Mwaka 2023 USBC iliziidhinisha, ila kama aina tofauti ya mchezo, alama zake zisichanganywe na za pini huru. Wakongwe wa ligi walinung'unika. Kwangu huo ndio uongozi hasa: haukupiga marufuku usichoweza kukizuia, wala haukujifanya kwamba mambo hayo mawili ni sawa.

Tatizo liko kwenye kura. Wajumbe wa vyama vya majimbo na miji, yaani watu wa ligi, ndio wanaochagua sehemu kubwa ya bodi na kupitisha ada. Mchezaji wa saa moja hana sauti, wala halipi ada. Tukisema basi gharama za ukaguzi wa njia na vifaa zibebwe na kumbi na watengenezaji wa vifaa, mkaguzi atakuwa analishwa na anayekaguliwa. Na tayari USBC, ilipohama Wisconsin kwenda Arlington, Texas, ilikwenda kukaa pamoja na chama cha wamiliki wa kumbi. Pamoja na hayo, ningeichagua njia hiyo, kwa sharti kwamba matokeo ya kila ukaguzi yatangazwe na ada ya ukaguzi ipangwe na wajumbe, si na wamiliki.