Pembe za Shamba na Sitara ya Maskini



Wapendwa, mitaa yetu imebeba majina ya miti. Kikwajuni yatokana na mkwaju, Miembeni na miembe, Mkunazini na mkunazi. Leo majumba yamechukua nafasi ya miti hiyo, hata hivyo wengi wetu tungali na kishamba nje ya mji au mti mmoja uani. Msimu wa maembe na mashelisheli ukifika, matunda huoza chini ya miti, ilhali mtaani humo humo yupo mama anayehesabu shilingi apate fungu la muhogo. Wiki hii tutafakari jinsi wanadamu walivyoitumia ziada ya shamba, kwa maana historia yatufundisha kuwa namna ya kutoa ni jambo zito kama kutoa kwenyewe.

Torati ilianza mapema. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni au kurudi kuokota masazo, kwani sehemu hiyo ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, lawataja pia yatima na mjane, pamoja na matunda ya mizeituni na mizabibu. Tuiangalie hekima iliyomo. Mwenye shamba hakuwekewa nafasi ya kuchagua nani aokote, wala maskini hakulazimika kupiga magoti mlangoni. Aliingia, akaokota kwa mikono yake, akarudi nyumbani na heshima yake. Ndivyo Ruthu Mmoabu, mjane na mgeni, alivyomlisha mkwewe Naomi kutoka shamba la Boazi.

Kisiwa chetu nacho kina somo lake, tena chungu. Kwa miaka mingi, katika mashamba ya mikarafuu na minazi ya Unguja, wakulima wasio na ardhi waliruhusiwa kupanda muhogo na vyakula vingine chini ya miti ya wenye mashamba, nao kwa kulima kwao wakazuia magugu. Mpango huo uliwafaa wote, lakini ulisimama juu ya hisani tu. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 siasa iliingia mashambani, na baadhi ya wenye mashamba wakawafukuza wakulima wa upande mwingine. Ridhaa ilipoondoka, chakula nacho kiliondoka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Serikali ilitwaa ardhi, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu.

Mbali nasi, katika mji wa Phoenix, Marekani, Mkatoliki John van Hengel alijitolea katika jiko la Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo lililolisha maskini. Alikusanya machungwa na matunda mengine yaliyoachwa mitini, hata yakazidi mahitaji ya jiko. Mama mmoja aliyelea watoto kumi katika umaskini alimpa wazo la mahali palipo kama benki, ambapo mwenye ziada huweka na mwenye haja huchukua. Mwaka 1967 parokia ya Mtakatifu Maria ilimpa jengo lisilotumika na dola 3,000, ikaanza benki ya kwanza ya chakula nchini humo. Jina hilo lina maana kubwa, kwa sababu aendaye benki haendi kuomba.

Sisi Wazanzibari tuna neno letu kwa jambo hili, nalo ni sitara. Mwezi wa Ramadhani majirani zetu Waislamu hupeleka sahani ya futari nyumba ya pili bila kuuliza kama kuna njaa. Basi jumuiya zetu ndogo ndogo zijifunze hapo. Tuvune ziada ingali nzuri, kwani kumpa mtu kilichooza ni kumtupia. Tuweke kapu mahali ambapo kila mtu, wa dini yoyote, aweza kuchukua bila kuandikwa jina wala kutajwa kanisani. Na tufanye hivyo kila msimu, ili jirani asitegemee furaha yetu ya siku moja.