Chakula cha Njia Panda ya Miti

Msafiri atokaye Bukavu kuelekea kaskazini, ziwa la Kivu likiwa mkono wake wa kulia na milima ya Kabare mkono wake wa kushoto, huwasili Miti kabla hajatimiza kilomita 30, na hapo njia humgawanyikia: moja huendelea Kavumu, Katana na hatimaye Goma, na ya pili hupanda magharibi, ikaupasua msitu wa Kahuzi, ikateremka Bunyakiri na Hombo hadi Walikale, na kwa mwenye subira hata Kisangani. Penye njia panda hapakosi wenye njaa, wala penye wenye njaa hapakosi muuzaji. Aghalabu, hata hivyo, mgeni aliyekuja na jamaa zake kutazama gorila hupitishwa hapo kwa haraka, na mwongozaji wake, ijapokuwa ni hodari wa kusoma nyayo za mnyama katika matope, hana neno la kumweleza juu ya mama aketiye kando ya barabara na mbabula yake ya makala. Hasara hiyo si ndogo, maana karibu kila auzacho mama yule, ambacho watoto wa mgeni hudhani kimekuwapo Bushi, nchi ya Washi, tangu zama za Adamu, kina wakati wake wa kuingia.

Mama huligeuza hindi kwa ncha za vidole, huku akiupepea moto kwa kipande cha boksi, na punje zikianza kupasuka na kupiga weusi hulifunga katika ganda lake lenyewe ili mnunuzi asiungue. Hindi hilo, na mihogo na maharage kadhalika, asili yake ni Amerika, yakavuka bahari kwa vyombo vya Wareno na kupanda polepole hadi nyanda hizi za juu, ambako watu walikuwa wakiishi kwa mtama, ulezi, ndizi na maziwa ya ng'ombe. Na mihogo ilienea zaidi pale serikali ya Kibelgiji ilipowashurutisha raia kuilima, iwe akiba ya njaa.

Walakini ajabu kubwa kuliko zote ni samaki aitwaye sambaza. Ziwa la Kivu lilikuwa na aina chache mno za samaki, na maji yake ya katikati yalikaa karibu matupu, mpaka mwaka 1959 wataalamu walipoleta vifaranga vya dagaa wa aina mbili kutoka ziwa la Tanganyika. Aina moja ikatoweka, na ya pili, ambayo wanazuoni huiita Limnothrissa miodon, ikazaana na kulijaza ziwa. Kwa hiyo ajuza aliyezaliwa Katana kabla ya mwaka huo alikua pasipo kuonja kitoweo ambacho wajukuu wake hukiita chakula cha mababu. Wavuvi huwatega usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, na asubuhi samaki hufika sokoni, wakakaangwa wazima wazima, kichwa na mkia, kwa mafuta ya mawese yatokayo upande wa Bunyakiri, wakaliwa kwa bugali na pilipili. Kikaango kimoja basi huzikutanisha njia zote mbili za Miti.

Ama desturi yenyewe ya kununua chakula kilichokwisha kupikwa, kwa maoni yangu ilikuzwa na kazi ya mshahara. Kwa jadi mgeni wa Mshi alikaribishwa nyumbani, akapewa kasiksi, pombe ya ndizi, wala hakuulizwa fedha. Lakini baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928 na kuwagawia walowezi ardhi, yakatanda mashamba ya kahawa, chai na mikwinini. Mulungu pakawa na kituo cha utafiti wa kilimo, na Lwiro pakajengwa makao ya wanasayansi wa taasisi ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947. Kibarua aliyeshinda shambani mbali na meko ya mkewe alihitaji kula kwa senti zake. Brosheti ya mbuzi na maandazi ni watoto wa mashamba hayo.

Msitu nao una sehemu yake, na sehemu hiyo ina uchungu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Wambuti, ambao asali na nyama vilikuwa riziki yao, wakatolewa humo bila ardhi ya badala. Ilhali makala yanayochoma mahindi ya Miti, mengi yake hutoka katika msitu uleule. Kisha zikaja kambi za wakimbizi wa Rwanda za Kashusha na INERA, mwaka 1994 hadi 1996, na vita juu ya vita, hata Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu na mji wa Bukavu vikatwaliwa na waasi wa M23. Wageni wakapungua, lakini mbabula hazikuzimika, kwa kuwa mteja wa kweli wa Miti siku zote amekuwa dereva, mwanafunzi na mchuuzi.

Amani itakaporejea na magari ya wageni yakaanza tena kupanda kwa wingi hadi Tshivanga, kituo cha hifadhi, nawasihi waongozaji wayasimamishe kwanza njia panda, walau saa moja, wawaachie mama wa Miti wasimulie wenyewe habari za vyakula vyao, na wawalipe ujira wa kazi hiyo kama alipwavyo mfuata nyayo wa gorila.