Mizani ya Arua

Vurra, jirani ya Arua, ardhi iliyotoka katika milki ya Lado ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji baada ya kufariki kwake mwaka 1909, ikatiwa Sudan, kisha Uganda mwaka 1914, ni nchi ya mpaka, forodha na mizani. Lakini mizani niikumbukayo zaidi ni ile ya uwanja wa ndege wa Arua, zama zile ambapo msafiri, akiwahofu waasi wa Kony katika njia ya Karuma, alipanda ndege ndogo kwenda Entebbe, kibuyu cha asali mapajani. Kulipia kilo zilizozidi ni haki, kwani ndege ndogo ina kadiri yake. Lakini kutozwa kwa kibuyu hicho cha mapajani ni dhuluma. Hata Mkataba wa Warsaw wa 1929, kwa safari za kimataifa, haukuvidai hati ya mizigo vitu vidogo alivyovishika abiria mwenyewe. Basi, msomaji, ukitozwa, dai stakabadhi.