Bodi Mpya kwa Kompyuta ya Zamani

Wasikilizaji wa Nyarubungo, mmemwona fundi wa redio akiyeyusha risasi na bati ili kuunga nyaya. Huko ndiko kulehemu.

Mwaka 1981 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza kompyuta ndogo ya nyumbani, ZX81, hata kwa vipande. Mnunuzi alilehemu mwenyewe. Kwetu, Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mikono yetu ikakosa mazoezi, nami naona hasara hiyo kubwa kuliko ya mashine.

Siku hizi bodi ya ZX81, yaani ubao unaobeba vipande vyote, ikiharibika, mafundi hulehemu soketi katika bodi mpya, kisha huchomeka humo vipande vizima vya zamani. Kipande kikiwekwa kinyume, huweza kuungua.