Mabingwa wa 2005 Ambao Marekani Haiwakumbuki

Tarehe 8 Mei 2025, Kardinali Robert Prevost alipotangazwa kuwa Papa Leo XIV, waandishi wa Chicago walianza kukusanya kila walichoweza kuhusu mtoto huyo wa vitongoji vya kusini mwa jiji lao. Ndani ya saa chache ilienea habari kwamba Papa mpya ni shabiki wa Cubs, timu ya besiboli ya upande wa kaskazini, na ubao wa nje ya uwanja wa Wrigley Field ukaitangaza kwa wapita njia. Haikuwa kweli. Kaka yake alieleza bayana kwamba Papa ni mtu wa White Sox, timu ya upande wa kusini. Baadaye zikapatikana picha za matangazo ya tarehe 22 Oktoba 2005 zikimwonyesha jukwaani, wakati huo akiwa mkuu wa shirika la Waagustino duniani, White Sox wakikaribia kushinda mechi ya kwanza ya fainali. Kosa lilirekebishwa siku hiyohiyo na hakuna aliyedhurika. Ila mashabiki wa White Sox hawakushangaa hata kidogo. Wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba vyombo vya habari vikisikia Chicago na besiboli vinafikiria timu moja tu, na kwamba ubingwa mkubwa wa 2005 umefutwa katika kumbukumbu ya taifa. Naona malalamiko hayo yana haki. Naona pia kwamba chanzo chake hakiko katika chuki ya mwandishi huyu au yule; kiko katika historia inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Tuanze na uwanja wenyewe. Msimu wa 2005 ulipokaribia, wachambuzi wengi waliwapa Minnesota Twins nafasi ya kwanza katika kundi lao, kwa kuwa walikuwa wamelitwaa mara 3 mfululizo. White Sox wakakaa kileleni mwa kundi hilo kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho na kushinda mechi 99 kati ya 162. Agosti ilipoingia walikuwa mbele kwa mechi 15. Mwishoni mwa Septemba pengo likashuka hadi mechi moja na nusu, na hapo ndipo taifa lilipogeuza macho kuwatazama, likingoja waanguke. Hawakuanguka. Walifunga msimu kwa kuwashinda Cleveland, waliokuwa wakiwafukuzia, mechi zote 3, kisha wakaingia hatua ya mtoano na kushinda mechi 11 wakipoteza moja. Dhidi ya Angels, warushaji 4, yaani Mark Buehrle, Jon Garland, Freddy García na José Contreras, kila mmoja kwa zamu yake alirusha mechi nzima tangu mwanzo hadi mwisho, mechi 4 mfululizo, katika zama ambazo mrushaji akifika raundi ya 7 kati ya 9 hupigiwa makofi na kupumzishwa. Katika fainali, World Series, wakawafunga Houston Astros mechi 4 kwa bila. Mechi ya pili ilimalizwa na Scott Podsednik, mtu ambaye msimu mzima wa kawaida hakuwahi kupiga hata mpira mmoja ukavuka ukuta, kwa kuupiga mpira ukavuka ukuta. Mechi ya tatu ilikwenda raundi 14 na kuchukua saa 5 na dakika 41.

Sasa linganisha na mwaka uliotangulia. Boston Red Sox nao walishinda fainali ya 2004 kwa mechi 4 bila, na ushindi huo ukasimuliwa kama muujiza wa karne. Jumla ya tofauti ya mikimbio, yaani alama, katika mechi 4 za Boston ilikuwa 12. Katika mechi 4 za White Sox ilikuwa 6 tu: mbili, moja, mbili, moja, na mechi ya mwisho ikaisha 1 kwa 0. Anayesema watu hufuata msisimko angetarajia fainali ya 2005 itazamwe angalau sawa na ile. Haikuwa hivyo. Wastani wa nyumba zilizotazama ulishuka kutoka asilimia 15.8 hadi 11.1, kiwango cha chini kuliko fainali zote zilizokuwa zimepimwa hadi wakati huo. Ni kweli kwamba Red Sox walifika fainali baada ya kuwageuzia kibao New York Yankees waliokuwa wakiongoza mechi 3 kwa bila, na tukio la namna hiyo huvuta watu hata wasiopenda mchezo. Nalikubali hilo. Lakini Boston walikuwa wamengoja ubingwa kwa miaka 86, tangu 1918, na Chicago walikuwa wamengoja miaka 88, tangu 1917. Njaa iliyokuwa ndefu zaidi haikupata mwandishi wa kuisimulia.

Kwa nini? Sababu ya kwanza iko mbali sana, mwaka 1919. Red Sox walikuwa na laana yao ya kumuuza Babe Ruth kwa Yankees. Cubs walikuwa na yao, ya mwenye baa aliyefukuzwa Wrigley Field pamoja na mbuzi wake katika fainali ya 1945. Laana ni zawadi kubwa kwa mwandishi wa michezo, kwa sababu inamfanya anayeshindwa kuwa mtu asiye na hatia: ameonewa na nguvu asiyoiweza, na sisi tunamhurumia. White Sox hawakuwa na laana. Walikuwa na kosa. Wachezaji wao 8 walishtakiwa kwamba walishirikiana na wacheza kamari ili kupoteza kwa makusudi fainali ya 1919 dhidi ya Cincinnati Reds. Baraza la wazee wa mahakama liliwaachia Agosti 1921, na siku iliyofuata kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, akawafungia maisha. Tangu hapo kila aliyetaka kuandika juu ya miaka mingi ya ukame wa timu hiyo alilazimika kupita katika hadithi ya rushwa, na hadithi ya rushwa haiwafanyi wasomaji walie kwa huruma. Mashabiki waliozaliwa miaka 50 baada ya kesi ile walirithi aibu ambayo haikuwa yao, wakati wenzao wa kaskazini walirithi mbuzi wa kuchekesha.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo ni swali la nani alimiliki kamera. Mwaka 1981 timu zote mbili za Chicago ziliuzwa. White Sox walinunuliwa na kundi la Jerry Reinsdorf na Eddie Einhorn. Cubs walinunuliwa na kampuni ya Tribune kwa dola milioni 20.5, na Tribune ndiyo iliyokuwa na gazeti kubwa la jiji, Chicago Tribune, na redio ya WGN, na televisheni ya WGN ambayo tangu 1978 ilikuwa ikirushwa kwa setilaiti na kuingia kwenye kebo nchi nzima. Kwa maneno mengine, mwenye timu sasa alikuwa mwenye gazeti, mwenye redio na mwenye mnara. Wrigley Field haikuwa na taa hadi Agosti 1988, hivyo Cubs walicheza nyumbani mchana, na mtoto wa Iowa au Arizona aliyetoka shule aliwasha televisheni na kuwakuta hewani. Mamilioni walikua mashabiki wa Cubs bila kuwahi kukanyaga Chicago, na bila Cubs kushinda chochote.

White Sox wenyewe wakafanya uamuzi uliowagharimu mno. Mwaka 1982 wamiliki wapya walianzisha SportsVision, huduma ya kulipia iliyohitaji king'amuzi, na mechi nyingi zikaondoka kwenye televisheni ya bure. Mtangazaji wao maarufu, Harry Caray, aliyekuwa nao tangu 1971, aliona mambo yanakokwenda, akahamia kwa Cubs na WGN. Alihama na desturi yake ya kuimba “Take Me Out to the Ball Game” pamoja na umati katikati ya raundi ya 7, desturi aliyoianza mwaka 1976 katika uwanja wa White Sox kwa kuchochewa na mmiliki wa wakati huo, Bill Veeck. Leo Mmarekani wa kawaida ukimtajia wimbo huo na Caray ataiona Wrigley Field. Hata desturi iliyozaliwa kusini ilibatizwa upya kaskazini, kwa kuwa kaskazini ndiko kulikokuwa na setilaiti.

Wapo watakaosema: basi wamejichimbia shimo wenyewe, wamlilie nani? Hoja hii ina uzito, na shabiki mkweli wa White Sox huitoa kabla yako. King'amuzi hakikuletwa na mwandishi. Si waandishi waliotishia mwaka 1988 kuihamishia timu Florida hadi bunge la jimbo la Illinois lilipopitisha usiku wa manane fedha za uwanja mpya. Wala si waandishi waliokuwa na msimamo mkali miongoni mwa wamiliki katika mgogoro na wachezaji wa 1994, msimu uliokatika Agosti White Sox wakiongoza kundi lao, na fainali zikafutwa. Yote haya yana mkono wa Reinsdorf. Lakini kosa la mwenye timu katika kuuza matangazo haliwezi kuwa ruhusa kwa chombo cha habari kuacha kuripoti. Biashara ya mmiliki ni kuuza tiketi na haki za kurusha mechi. Kazi ya mwandishi ni kusema kilichotokea. Anayeziunganisha kazi hizi mbili anafanya kile kile ambacho Tribune ilishukiwa kukifanya hadi ilipouza Cubs mwaka 2009, yaani kuuacha mfuko umwelekeze mhariri.

Pingamizi lenye nguvu kuliko hilo ni la idadi. Mwaka 2005, White Sox walipokuwa mabingwa, waliingiza watazamaji zaidi ya milioni 2.3 uwanjani; Cubs, walioshindwa mechi nyingi kuliko walizoshinda, waliingiza karibu milioni 3.1. Mhariri atasema anawafuata wasomaji waliko. Ni sawa, ila mashabiki hawaoti kama uyoga baada ya mvua. Kama kituo kimoja kilipanda wapenzi wa timu moja nchi nzima kwa robo karne, kisha wahariri wakautumia wingi wao kuwa sababu ya kuendelea kuiandika timu hiyo, hapo hakuna soko huru linalozungumza, kuna mwangwi. Na ushahidi wa kwamba watu huja wakipewa sababu upo: mwaka 2006, mwaka mmoja tu baada ya ubingwa, White Sox walijaza karibu watu milioni 3, idadi kubwa kuliko zote katika historia yao.

Wala habari za kuandika hazikukosekana. Kocha wao, Ozzie Guillén wa Venezuela, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kuongoza timu kushinda World Series. Aliyekijenga kikosi, Ken Williams, alikuwa meneja mkuu mweusi katika ligi ambayo mameneja wakuu weusi walihesabika kwa vidole. Seneta kijana wa Illinois, Barack Obama, mwenye asili ya Kogelo kwa baba yake, alirusha mpira wa ufunguzi katika moja ya mechi zao za mtoano dhidi ya Angels. Uwanja wao wa zamani, Comiskey Park, ndiko ulikochezwa mwaka 1933 mchezo wa kwanza wa nyota wa ligi kuu, uliobuniwa na mhariri wa michezo wa Chicago Tribune, Arch Ward, na mwaka huohuo ndiko ulikoanzia mchezo wa nyota weusi wa Mashariki na Magharibi, wakati ligi kuu ilikuwa bado imewafungia mlango. Eneo hilo lilikuwa la machinjio makubwa, la Waayalandi, Wapolandi na Wamarekani weusi waliopanda treni kutoka majimbo ya kusini. Sina ushahidi wa kusema wahariri waliwadharau watu hao kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba mambo yote haya yalikuwa mbele yao, na hawakuyachukua.

Badala yake walieleza kwamba White Sox wa 2005 ni timu ya ujanja mdogo mdogo, ya kugusa mpira na kuiba hatua. Timu hiyo ilipiga mipira 200 ikavuka ukuta. Wengine, wapenzi wa hesabu, walisema ni bahati, kwa kuwa ilishinda mechi 35 na kupoteza 19 kati ya zile zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja. Bahati ilikuwapo, kama ilivyo kwa kila bingwa. Lakini mechi za tofauti ndogo ndizo hasa zinazoamuliwa na urushaji wa raundi za mwisho na udakaji usio na makosa, na hayo White Sox walikuwa nayo. Mtu aliyewatazama kwa miezi 6 angeyaona. Ukisoma maelezo yale leo unapata shaka kama walioyaandika walikuwa wamewatazama.

Mwaka 2016 Cubs walipovunja ukame wao wa miaka 108, mechi ya mwisho ilitazamwa na watu wapatao milioni 40, nao walistahili kila neno la furaha lililoandikwa. Katika wiki zilezile, kituo cha ESPN kilikosolewa zaidi ya mara moja kwa kuacha ubingwa wa White Sox kwenye mambo kiliyoyaonyesha kuhusu historia ya michezo ya Chicago. Ubingwa huo ulikuwa na umri wa miaka 11 tu. Kisha ikaja 2024: White Sox walipoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya zama za kisasa, na safari hii vyombo vya taifa vilikuja kwa wingi, vikihesabu kila kipigo, vikipiga picha viti vitupu. Vipigo vile viliripotiwa kwa usahihi na kwa bidii. Mashabiki hawakupinga hilo, kwa sababu ilikuwa kweli na ilistahili kuandikwa. Wanachodai ni kwamba Buehrle, Garland, García na Contreras nao walikuwa kweli, na kwamba mwandishi anayeijua namba 121 anapaswa kuijua pia namba 11 kwa moja.