Kichanga anatapika kila akinyonya? Usiseme "anacheua tu"

Wadau, hii nawaletea kwa sababu ilitukuta nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada, alipofika wiki ya nne akaanza kutapika kila akimaliza kunyonya. Si kule kucheua tulikozoea. Maziwa yanaruka mbele kwa nguvu, na dakika hiyo hiyo analilia ziwa tena. Bibi zake wakasema atazoea. Tukapoteza siku tano.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Pale tumbo linapokutana na utumbo kuna msuli, na kwa watoto wengine msuli huo hunenepa mpaka njia inaziba. Mara nyingi huanza kati ya wiki ya 2 na ya 8, wavulana karibu wanne kwa kila msichana mmoja. Matapishi huwa maziwa tu. (Yakiwa ya kijani hiyo ni nyongo, jambo lingine kabisa, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.)

Sasa hapa ndipo nilipochemsha. Altrasaundi ikaonyesha tatizo, daktari akasema operesheni ipo lakini si leo, dripu kwanza. Nikafoka: mtoto anakufa njaa nyie mnamwekea maji!

Kumbe mtoto anatapika pia asidi ya tumbo, yaani hidrojeni na kloridi. Zikipungua, damu inazidi ualkali. Figo nazo, zikihangaika kubakiza maji na sodiamu, zinamwaga potasiamu kwenye mkojo. Potasiamu ikishuka sana, zinamwaga hadi asidi ile ile ambayo mwili unaihitaji! Na damu yenye alkali nyingi hupunguza msukumo wa kupumua. Ukimpiga nusukaputi katika hali hiyo, anaweza kusitisha pumzi hata operesheni ikiwa imekwisha salama. Ndiyo maana dripu ya chumvi na sukari kwanza, potasiamu akishakojoa, na damu inapimwa tena na tena.

Kwetu ilichukua siku mbili. Operesheni ni ile aliyoieleza Mjerumani Conrad Ramstedt mwaka 1912: msuli unapasuliwa, utando wa ndani hauguswi. Kesho yake dogo ananyonya. Daktari nilimwomba radhi, akacheka.

Kama wa kwako anatapika hivyo, na nepi inakaa kavu, utosi umebonyea au uzito haupandi, usikae kungoja majibu ya wadau hapa chini. Mpeleke leo.